Mitalawanda ya Barafu



Sisi watu wa pwani barafu tunaijua ndani ya bilauri ya sharbati na katika masanduku ya wachuuzi wa samaki. Hutengenezwa kwa mashine, huuzwa kwa vipande, na ikiachwa juani kitambo kidogo huwa maji. Basi huenda ukastaajabu ukiambiwa kwamba iko nchi ambako, kwa mamia ya miaka, baba alijiona hajatimiza malezi ya mwanawe mpaka amemfunza kusimama na kwenda juu ya barafu, kama vile mzazi wa Lamu au wa Pemba asivyoridhika mpaka mwanawe ajue kuogelea. Nchi hiyo ni Uholanzi, na makala haya yanahusu chombo kidogo kilichotumika katika mafunzo hayo, yaani kiatu cha mti cha kutelezea barafuni, na hasa kile cha mtoto.

Ukitaka kukifahamu chombo hiki usiende mbali. Fikiria mtalawanda. Wengi katika sisi tumekulia katika nyumba ambazo mitalawanda iliwekwa mlangoni mwa msala, ikawa inasikika sakafuni alfajiri wazee wanapokwenda kutawadha. Sasa uchukue mtalawanda huo, ung'oe msuruaki wake, uchonge ubao uwe mwembamba, kisha upasue mfuo chini yake kwa urefu wote, na katika mfuo huo upachike ulimi wa chuma uliosimama kwa ubavu. Mbele, ulimi huo upite ubao na ujipinde juu kama omo la chombo. Tia kanda za ngozi za kufungia vidoleni na kisiginoni, na kazi imekwisha. Wala havaliwi mtu miguu mitupu. Hufungwa chini ya kiatu cha kawaida, kiatu chochote kile alicho nacho mtu. Jambo hili la mwisho lishike, maana ndilo lililokifanya kiatu hiki kuwa mali ya ukoo.

Kile cha mtoto anayeanza aghalabu kilikuwa na ndimi mbili za chuma zilizokwenda sambamba badala ya moja, ili asipinduke. Waholanzi walikiita krabbertje, jina lenye asili ya kukwaruza, na kwa hakika limesibu, kwa sababu mtoto huyo hatelezi bado. Anakwaruza barafu kama kuku anayetafuta chakula uani.

Ni haki kuuliza: watu hawa walipataje haja ya kitu kama hiki? Jawabu limo katika ardhi yao. Zaidi ya robo ya nchi ya Uholanzi iko chini ya usawa wa bahari. Maji hayatoki yenyewe; hapana budi yasukumwe, zamani kwa vinu vya upepo na sasa kwa mitambo, kupitia mitaro na mifereji isiyohesabika inayokata mashamba na miji. Wakati wa joto mifereji hiyo ndiyo iliyokuwa njia kuu. Mwaka 1632 ilifunguliwa njia ya mashua za abiria zinazokokotwa na farasi baina ya Amsterdam na Haarlem, na muda si muda mtandao wa mashua hizo ukaenea sehemu kubwa ya nchi. Lakini baridi kali ikija maji yote hayo huganda, mashua hukwama, na mwanakijiji huwa na mambo mawili: akae ndani, au afunge chuma miguuni na aifanye ile ile njia ya maji kuwa barabara. Mwenye maziwa alipeleka maziwa yake hivyo, mkunga aliitwa hivyo, na watu walikwenda harusini na mazikoni hivyo hivyo. Tusidhani basi kwamba asili yake ni mchezo. Mchezo ulikuja juu ya haja.

Na baridi yenyewe tusiipime kwa kipupwe chetu. Wapo wasomaji watakaomkumbuka Ibn Battuta, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 na kuwasifu wenyeji wake. Miaka michache baadaye alikuwa katika nchi za Watatari, kwenye mto Volga ulioganda hata magari ya kukokotwa yakipita juu yake. Anaeleza kwamba alikuwa akitawadha kwa maji ya moto karibu kabisa na moto, na kila tone lililomwagika likaganda papo hapo. Maji ya usoni yakateremka ndevuni, naye akizitikisa ndevu zinaanguka chembe kama theluji. Alivaa makoti matatu ya manyoya na suruali mbili, na viatu juu ya viatu, akawa mzito hata hawezi kupanda farasi mwenyewe mpaka wenzake wampandishe. Uholanzi haina baridi ya kiasi hicho, lakini katika karne ya 16 na ya 17 Ulaya nzima ilipita katika kipindi ambacho wataalamu wa hali ya hewa wanakiita zama ndogo za barafu, na Waholanzi wa wakati huo walikuwa na majira marefu ya kutelezea kuliko kizazi chochote kilichofuata.

Kabla ya chuma palikuwa na mfupa. Katika vilima vya kale vya Friesland, jimbo la kaskazini, na penginepo pande hizo za Ulaya, wachimbuzi wametoa mifupa mingi ya miguu ya farasi na ng'ombe iliyosuguliwa upande mmoja ikawa laini. Mwandishi mmoja wa Uingereza wa karne ya 12, William Fitzstephen, aliwaona vijana wa London wakijifunga mifupa namna hiyo chini ya nyayo na kujisukuma kwa fimbo yenye ncha ya chuma. Angalia tofauti. Mfupa hauumi barafu. Unateleza kila upande, kwa hiyo mwendaji lazima ajisukume kwa mikono kama mtu anayepiga pondo. Chuma kikaja katika karne ya 13, na mambo yakageuka. Makali ya chuma huteleza kwa urefu wake lakini hayatelezi kwa ubavu. Mtu akikanyaga kwa kuupeleka mguu upande, makali yanashika, na mwili unakwenda mbele. Fimbo haikuhitajika tena. Mikono ikawa huru kubeba kapu, au kumshika mtoto.

Tarehe ya viatu hivi ina machozi yake vile vile. Katika mji wa Schiedam alizaliwa mwaka 1380 binti aliyeitwa Lidwina. Alipokuwa na umri wa miaka 15 alitoka na wenzake kwenda barafuni, rafiki mmoja akamgonga, akaanguka na kuvunjika ubavu. Hakuinuka kitandani sawasawa tena hata alipofariki mwaka 1433. Wakristo wa dhehebu la Katoliki walimweka katika orodha ya watakatifu wao, na katika kitabu cha maisha yake kilichochapwa mwaka 1498 imo picha ya ile siku ya kuanguka. Picha hiyo ni miongoni mwa picha za kale kabisa zinazoonyesha viatu vya kutelezea vya mti na chuma. Ni kweli ya kuchoma moyo kidogo kwamba kumbukumbu ya mchezo huu wa watoto inaanza na mtoto aliyevunjika.

Baada ya hapo wachoraji hawakuiacha barafu. Yuko mmoja ninayempenda kuliko wengine, Hendrick Avercamp, aliyezaliwa Amsterdam mwaka 1585 na kuishi Kampen. Alikuwa bubu, na watu walimwita hivyo, yule bubu wa Kampen. Huenda ndiyo sababu macho yake yaliona mengi. Katika picha yake kubwa ya majira ya baridi, iliyochorwa yapata mwaka 1608 na ambayo leo iko katika jumba la Rijksmuseum, umati mzima umetoka: matajiri wenye kola za kukunjwa, maskini wenye matambara, wachukuzi, wazee, wapendanao, walioanguka na wanaocheka walioanguka. Watoto wamo kila pembe. Pieter Bruegel, aliyemtangulia, alionyesha mwaka 1566 hata mtoto aliyekalia mfupa wa taya la mnyama akautumia kama gari la barafu. Mtoto asiye na kiatu cha chuma hakukosa njia.

Sasa tuingie nyumbani, maana huko ndiko makala haya yalikokuwa yakielekea.

Mtoto wa Kiholanzi alianza mapema, miaka minne au mitano. Mama au baba alimkalisha ukingoni, akapiga magoti mbele yake na kumfunga zile kanda. Kazi hii si ndogo. Ukifunga kwa kulegeza, ubao unazunguka na mtoto anaanguka; ukikaza mno, damu haipiti, vidole vinakufa ganzi, na kilio hakiishi. Waliofungwa viatu hivi utotoni husimulia ganzi ile kuliko wanavyosimulia kuteleza kwenyewe! Baada ya kufungwa, mtoto alipewa kiti. Naam, kiti cha jikoni cha kawaida kiliwekwa juu ya barafu, yeye akashika mgongo wa kiti na kukisukuma mbele yake. Kiti kikawa mwalimu wake. Hakisemi, hakikasiriki, wala hakimwachii ghafla. Siku ya kwanza anakiegemea kwa uzito wote, siku ya tatu anakigusa tu, kisha siku moja kiti kimebaki nyuma na yeye yuko mbele, hata hajui kilichotokea. Ustadi wa malezi ulioko katika kiti hiki naona unazidi vitabu vingi vilivyoandikwa juu ya malezi.

Familia ikitoka safari ya mbali ilichukua mti mrefu, wote wakaushika kwa mstari mmoja. Baba au kaka mkubwa alikaa mbele kuukata upepo, aliyefuata kwa nguvu alikaa nyuma, na wadogo wakawekwa kati. Kwa namna hiyo mtoto wa miaka saba aliweza kwenda mwendo ambao peke yake asingeuweza. Mti huo ulikuwa na kazi nyingine pia: barafu ikivunjika na mtu akazama, mti huangukia kingo za tundu na kumzuia, au huelekezwa kwake aushike. Kwa maana barafu ni hiana. Chini ya madaraja huwa nyembamba, hali pengine pote ni nene, na ndege wanaoogelea huiacha na matundu. Wazazi walikuwa na maneno ya kuwaonya watoto juu ya madaraja kama sisi tulivyo na maneno juu ya mkondo wa mlangoni mwa bandari. Shule nazo zilizoea kufungwa siku ambayo barafu imekuwa nzuri, na likizo hiyo ina jina lake maalumu, ijsvrij, yaani ruhusa ya barafu.

Turudi katika lile jambo nililokuomba ulishike. Kiatu cha mti hakina kipimo cha mguu. Ni ubao unaofungwa chini ya kiatu chochote. Ubao wa inchi nane ulimfaa mtoto wa miaka sita aliyevaa kiatu kinene na ulimfaa mwenye miaka tisa pia. Kwa hiyo jozi moja ilitoka kwa kaka ikaenda kwa dada, ikatoka kwa dada ikaenda kwa kitinda mimba, ikawekwa darini ikiwa imepakwa mafuta makalini isishike kutu, na baada ya miaka 20 ikateremshwa kwa ajili ya mjukuu. Kanda za ngozi zilikatika zikabadilishwa. Chuma kilinolewa kikapungua. Ubao wenyewe ulibaki, na wengine walichonga humo herufi za majina yao. Katika nyumba ya mtu wa kipato kidogo hapakuwa na vitu vingi vya watoto vilivyopita mikono ya vizazi vitatu. Hiki kilikuwa kimoja.

Wala usidhani kila nyumba ilifurahia barafu kwa kiasi kimoja. Mifereji ikiganda, mwenye mashua hana kazi. Shamba likiganda, kibarua hana kazi. Baridi ile ile iliyomfungulia mtoto wa tajiri uwanja wa kuchezea ilimfungia maskini mlango wa riziki. Katika karne ya 19 vilianzishwa vyama vya barafu katika vijiji na miji, na vingi katika hivyo vilikuwa na kazi ambayo vijana wa leo hawaikumbuki sana: kuwalipa wasio na kazi wafagie theluji juu ya barafu, na kuandaa mashindano ya mbio kwa ajili ya watu maskini tu, ambayo tuzo zake zilikuwa chakula. Wapo waliosifu jambo hilo kuwa ni hisani. Mimi naona ndani yake pana uchungu pia, mtu mzima kushindania chakula cha watoto wake mbele ya macho ya walioshiba. Lakini pengine walioshiba wangeweza kukaa majumbani mwao bila kutoa hata hicho, na mshindi alirudi kwake na kitu cha kupika.

Viatu vilitengenezwa na nani? Mwanzo na mhunzi wa kijiji akishirikiana na seremala. Baadaye kazi ilikusanyika Friesland, na hasa katika mji mdogo wa IJlst, ambako Jan Jarings Nooitgedagt alianzisha mwaka 1865 karakana iliyokuja kuwa kiwanda mashuhuri. Walitengeneza randa na patasi za maseremala, na kwa ustadi ule ule wa mti na chuma wakatengeneza viatu vya barafu vya wakubwa na wadogo. Aina ya Friesland ilikuwa imenyooka na ndefu, chuma chake kikipita hadi nyuma ya kisigino, nzuri kwa safari za mbali. Ile ya kusini, ya Holland yenyewe, ilikuwa na pua iliyojikunja kwa madaha. Hata mtu asiyejua kusoma aliweza kumtambua mgeni kwa kuangalia miguu yake.

Mwaka huo huo wa 1865 bibi mmoja wa Marekani, Mary Mapes Dodge, alitoa hadithi ya watoto wawili maskini wa Kiholanzi, Hans Brinker na dada yake, wenye viatu vya barafu vya mti mtupu walivyojichongea, na mashindano ambayo tuzo lake ni viatu vya fedha. Kitabu hicho kilisomwa duniani kote. Ajabu ni kwamba mwandishi alikuwa hajaikanyaga Uholanzi alipokiandika, na Waholanzi walikuja kujijua humo kama mtu anayeonyeshwa picha yake iliyochorwa na asiyemwona.

Kilichokiondoa kiatu cha mti si barafu kukosekana, bali kwanza ni mtindo mpya. Kutoka Norwe kilikuja, mwishoni mwa karne ya 19, kiatu ambacho chuma chake kimeunganishwa moja kwa moja na buti la ngozi. Kilikuwa chepesi zaidi, kilishika kifundo cha mguu, na hakikufunguka njiani. Hapana shaka ni bora kwa mbio. Lakini buti lina kipimo. Mguu wa mtoto ukikua, buti halimwingii tena, na ile safari ya kiatu kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu inakatika. Mzazi akalazimika kununua kila baada ya majira, au kubadilishana na jirani. Kufika katikati ya karne ya 20, viatu vya mti vilikuwa vimeanza kuitwa vya kizee.

Kisha barafu nayo ikaanza kukosekana. Katika Friesland kuna mashindano yanayoitwa Elfstedentocht, mzunguko wa karibu kilomita 200 unaopita miji 11 juu ya mifereji na maziwa yaliyoganda. Yalifanyika rasmi mara ya kwanza mwaka 1909. Ili yafanyike, barafu lazima iwe na unene wa sentimita 15 njia nzima. Januari 1963, katika baridi na tufani kubwa, zaidi ya watu 9,000 waliondoka katika safari ya wasio washindani, na 69 tu ndio waliomaliza siku hiyo. Tangu mwaka 1909 yamefanyika mara 15. Mara ya mwisho ilikuwa tarehe 4 Januari 1997. Februari 2012 nchi nzima ilikaa kusubiri, wafagiaji wakatoka, mahoteli yakajaa simu, na wakubwa wa mashindano wakapima na kusema hapana, barafu ya upande wa kusini haitoshi. Februari 2021 ilipita wiki moja ya baridi nzuri na watu wakamiminika mifereji, kisha ikayeyuka. Mtoto aliyezaliwa baada ya ile siku ya 1997 leo ni mtu mzima mwenye watoto, na hajapata kuyaona mashindano hayo kwa macho yake.

Hawakuacha kuteleza, la. Uwanja wa barafu ya kutengenezwa kwa mitambo ulifunguliwa Amsterdam mwaka 1961, ukapewa jina la Jaap Eden, bingwa wa dunia wa mwaka 1893, na viwanja vingine vikafuata. Huko mtoto hujifunza kwa viatu vya kukodi, kwa saa, kwa tikiti. Watoto wenye asili ya Moroko, Uturuki na Surinami hujifunza hapo pamoja na wengine, na mahali pa kiti cha jikoni pamewekwa vyombo vya plastiki vya kusukuma. Barafu ni ile ile, lakini haiendi popote. Inazunguka.

Na vile viatu vya mti? Vingi viko darini bado. Vingine vinauzwa katika masoko ya vitu vya kale kwa bei ya chini, jozi za watoto hasa, kwa sababu zilikuwa nyingi na hazina kazi. Wanunuzi huzitundika mlangoni wakati wa baridi, zimefungwa utepe mwekundu. Sisi nasi tumeona majumba ambayo sinia za shaba za bibi zimetundikwa ukutani, hazipakuliwi wali, kwa hiyo tusiwe wepesi wa kuwacheka. Huko Hindeloopen, mmoja wa ile miji 11, liko jumba la makumbusho ya viatu vya barafu lenye mkusanyiko mkubwa ajabu, kutoka mfupa hadi chuma cha kisasa. Humo viatu vya watoto vimepangwa safu kwa safu, kanda zake zimekauka na kukunjamana, na katika baadhi yake ubao umelika upande mmoja zaidi ya mwingine, pale mtoto alipokuwa akiukanyagia.